Foleni ya Senior One: Mzazi wa Juba Apimeje Shule ya Wasichana ya Kanisa?

Mambo huanza Januari. Ibada ikishakwisha katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Juba, waumini hawana haraka ya kwenda nyumbani. Wanaume husimama kivulini wakijadili bei ya dola, akina mama hujadili shule. Nani amepata nafasi, nani kaambiwa arudi wiki ijayo, nani anamfahamu mjumbe wa bodi. Mwenye binti aliyemaliza darasa la nane hutega sikio kuliko wote, maana anatafuta kitu ambacho mjini humo ni adimu kama petroli wakati wa uhaba: nafasi ya Senior One, yaani kidato cha kwanza, katika shule inayoaminika, yenye malezi ya kanisa na, ikiwezekana, ya wasichana watupu.

Imani hii kwa shule za kanisa haikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya vita, serikali ilipokuwa mbali au ilipokuwa ndiyo adui mwenyewe, kanisa ndilo lililobaki na ubao chini ya mti. Waanglikana wa Sudan Kusini, ambao hapa hujiita Waepiskopali na ambao tangu 2017 wana jimbo lao lililojitenga na lile la Sudan, wamebeba heshima hiyo hadi leo. Jina la dayosisi kwenye kibao cha lango linatosha kuwavuta wazazi. Wakija wengi kuliko viti, wazazi wenyewe hupata uthibitisho wa pili: kama watu wanagombania kuingia, basi shule hiyo lazima iwe nzuri.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Foleni hupima uhaba. Ubora una vipimo vyake, na vingi havionekani ukiwa umesimama langoni na bahasha ya vyeti mkononi.

Uhaba wenyewe hauna mjadala. UNICEF imekadiria kwamba watoto wapatao milioni 2.8 wa Sudan Kusini hawako shuleni. Utafiti wa kaya wa 2009, miaka miwili kabla ya uhuru, ulikuta asilimia 16 tu ya wanawake wanajua kusoma na kuandika, ilhali wanaume walikuwa asilimia 40. Karibu nusu ya wasichana huolewa kabla ya kufikisha miaka 18, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2008 inakataza. Binti anayemaliza darasa la nane, kwa hiyo, amekwisha kuwaacha njiani wenzake wengi aliokaa nao dawati moja. Februari 2023 Rais Salva Kiir alitangaza kufutwa kwa ada katika shule za msingi na sekondari za umma. Wazazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, ila tangazo haliongezi darasa wala mwalimu siku linapotolewa. Mwenye uwezo kidogo na hofu ya msongamano aliendelea kuelekeza macho kwenye kanisa.

Ndani ya mji, wasichana watupu wana Juba Girls, sekondari ya serikali. Kwa Waanglikana, jina linalotajwa haraka ni Juba Diocesan Model, sekondari ya dayosisi, lakini pale wavulana na wasichana husoma pamoja. Anayetaka vyote vitatu kwa mpigo, kanisa, wasichana watupu na bweni, huishia kutazama nje ya mji au nje ya nchi kabisa.

Magharibi kuna Ibba. Shule ya bweni ya wasichana ya Ibba, Equatoria Magharibi, ilipokea wasichana wake 40 wa kwanza mwaka 2014, miezi michache tu baada ya vita vya Desemba 2013 kulipuka Juba. Mwanzilishi wake ni Bridget Nagomoro, mzaliwa wa huko huko aliyepata kuwa kamishna wa kaunti. Wenyeji walitoa ardhi, marafiki wa Uingereza wakachanga fedha. Haikuanza na sekondari. Ilianza na darasa la nne, ikaongeza darasa moja kila mwaka hadi wale wa kwanza wakafika vidato. Huo ni uamuzi wa busara zaidi kuliko unavyosikika: ukimchukua msichana angali mdogo, unamwahi kabla mahari yake haijaanza kujadiliwa.

Kaskazini magharibi kuna Loreto, Rumbek. Hii ni ya Wakatoliki, lakini Mwanglikana anayemtafutia binti yake shule huisikia tu. Masista wa Loreto waliifungua 2008 katika kijiji cha Maker Kuei wakiwa na wasichana 35, chini ya Sista Orla Treacy kutoka Ireland, ambaye mwaka 2019 Marekani ilimtunuku tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri. Walichojifunza haraka ni kwamba kumpokea msichana ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kumzuia asichukuliwe. Wakaweka sharti: mlezi atie saini kwamba binti hataozwa mpaka amalize masomo. Kwa hiyo fomu ya kujiunga, ambayo kwingineko ni karatasi ya majina na tarehe za kuzaliwa, pale imekuwa mkataba na ukoo mzima.

Halafu kuna Uganda na Kenya, na hapa ndipo wenye nacho wa Juba wamepeleka watoto kwa miaka mingi. Waliorudi kutoka Nairobi, Nakuru, Arua au Kampala baada ya amani ya 2005 walirudi na Kiswahili chao na pia na majina ya shule vichwani. Kwa shule ya wasichana ya Kianglikana, jina la kwanza linalotoka mdomoni ni Gayaza.

Kwa nini Juba haina Gayaza yake? Swali hili linafaa kuulizwa, kwa sababu mbegu zilipandwa karibu wakati mmoja na mikono ile ile. Mwaka 1905 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua bweni la mabinti wa machifu huko Gayaza, kaskazini mwa Kampala, chini ya Alfreda Allen. Mwisho wa mwaka huo huo kundi jingine la chama hicho hicho lilipanda Nile kutoka Khartoum kwenda Malek, karibu na Bor, ambako Archibald Shaw alikaa miaka mingi akifundisha wavulana wa Kidinka. Gayaza ilianza na mabinti, Malek ilianza na wavulana. Tofauti hiyo peke yake imeacha kovu, lakini yaliyofuata ndiyo yaliyokata mizizi.

Gayaza ilipata muda. Ilitoka kwenye kulima na kushona ikawa sekondari kamili. Ilipita mikononi mwa walimu wakuu waliokaa miaka mingi kama Joan Cox, na baada yake Sheelagh Warren, aliyeshika usukani katika miaka migumu ya Idi Amin. Wanawake kama Rhoda Kalema na Joyce Mpanga, waliokuja kuwa vigogo wa siasa za Uganda, walipitia madarasa yake. Shule ikawa na wahitimu, wahitimu wakawa mama, mama wakarudi na mabinti zao, na wengine wakarudi kufundisha.

Kusini mwa Sudan mambo yalikwenda kombo. Sekondari ya kwanza ya eneo zima, Rumbek, ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Sudan, Khartoum ilizitwaa shule za misheni za Kusini. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Ikaja sheria ya 1962 ya kubana vyama vya misheni, na 1964 wamisionari wa kigeni wakafukuzwa wote. Vita vya kwanza viliisha 1972, vya pili vikaanza 1983 hadi 2005, na nchi mpya haikufikisha hata miaka mitatu kabla ya kuwaka tena. Shule ya wasichana ya kuaminika inahitaji angalau kizazi kimoja cha utulivu ili wahitimu wake warudi kuwa walimu wake. Kusini haikupata kizazi hicho.

Basi mzazi hufunga safari. Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika 2012 kwa fedha za Marekani, hubeba masanduku ya mabati yenye majina ya wanafunzi kila muhula unapofunguliwa. Barabara hiyo hiyo imeshambuliwa mara kadhaa, mabasi yakapigwa risasi, na kuna wazazi ambao kwa sababu hiyo tu wamefuta wazo la Uganda. Anayefika salama hukutana na ukuta mwingine. Mtihani wa darasa la saba wa Uganda una masomo manne, na mtoto aliyefanya vizuri kabisa hupata jumla ya 4. Daraja la kwanza huishia 12. Walimu wakuu hukutana Kampala, kwenye viwanja vya maonyesho vya Lugogo, kugawana watahiniwa, na shule kama Gayaza hufunga mlango karibu kabisa na ile 4. Mtoto aliyetoka na cheti cha Juba lazima kwanza cheti chake kilinganishwe na baraza la mitihani la Uganda, UNEB. Wengi hawafiki hata kwenye mlango huo. Huishia shule za binafsi pembezoni mwa Kampala ambazo huwapokea wageni kwa mikono miwili, wenye dola kwa mitatu.

Hii foleni ya Gayaza walau ina kanuni inayojulikana. Alama ni alama, hata kama kila mwaka hakukosi manung'uniko ya waliopita dirishani. Juba kanuni mara nyingi iko kichwani mwa mwalimu mkuu. Kuna barua ya mchungaji, kuna matokeo ya darasa la nane, kuna usaili, kuna ndugu wa mjumbe, na hakuna anayejua kipi kina uzito gani.

Uingereza, walikotoka wamisionari wale, wamekwisha kulipitia tatizo hili na bado linawasumbua. Grey Coat Hospital ni shule ya wasichana ya Kanisa la Uingereza, Westminster, London, iliyoanza 1698. Ni ya umma, haina ada, na waombaji ni wengi kuliko viti. Mwaka 2014 binti wa Michael Gove, aliyekuwa waziri wa elimu, alianza hapo. Mwaka uliofuata akafuata binti wa Waziri Mkuu David Cameron. Magazeti yalichekelea sana, lakini la kuangalia ni utaratibu. Shule kama hiyo inalazimishwa na sheria kuchapisha mapema vigezo vyake: watoto walio chini ya uangalizi wa serikali kwanza, halafu nafasi za waumini kwa kiasi cha mahudhurio yao kanisani, halafu wengine. Anayenyimwa ana haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru. Mbali na wakaguzi wa serikali, wapo wakaguzi wa kanisa, SIAMS, wanaopima kama ukristo wa shule unaonekana katika maisha ya watoto au umebaki kwenye nembo tu. Utaratibu huo una vituko vyake. Wapo wazazi wanaoanza kwenda kanisani mtoto akiwa na miaka minane na kuacha wiki barua ya nafasi inapofika. Hata hivyo mzazi anajua kwa nini amekosa.

Juba hakuna SIAMS. Mkaguzi ni mzazi mwenyewe, na chombo chake cha kwanza kiwe rejesta.

Shule nyingi hujitangaza kwa asilimia ya waliofaulu mtihani wa cheti cha sekondari. Asilimia hiyo ni kweli na inapotosha. Tuseme shule iliandikisha wasichana 60 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye 34 wakakaa kwenye mtihani, na 33 wakafaulu. Bango la langoni litaandika asilimia 97, na hakuna atakayesema uongo umeandikwa. Hesabu ya mzazi ni nyingine: waliofaulu ni 33 kati ya 60 walioingia, yaani asilimia 55. Wale wengine 27 wako wapi? Mmoja ndiye aliyefeli. Waliosalia wameolewa, wamepata mimba, wamekosa ada, wamehamia Kampala, au wameambiwa kwa sauti ya upole wakajiandikishe kwingine kwa sababu alama zao zingeharibu bango. Kila sababu inasema jambo tofauti kuhusu shule. Aliyehamia Kampala si kosa la mtu. Aliyefukuzwa kidato cha tatu ili asiharibu wastani ni kosa la shule, na binti yako anaweza kuwa wa pili.

Muulize mwalimu mkuu idadi mbili tu: walioingia kidato cha kwanza mwaka fulani na waliofanya mtihani miaka minne baadaye. Akizitaja papo hapo, au akafungua daftari akazitafuta mbele yako, hiyo tayari ni shule inayojua wanafunzi wake. Akianza kukueleza habari za nidhamu na historia ya dayosisi, shukuru kwa chai uondoke.

Rejesta kwa Sudan Kusini si jambo geni. Tangu 2013 mradi wa Girls' Education South Sudan, uliogharamiwa na Uingereza, uliwalipa wasichana fedha taslimu kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne kwa masharti ya kuandikishwa na kuhudhuria, na shule zikawa zinatuma mahudhurio kwa ujumbe wa simu hadi kwenye mfumo uliokuwa wazi mtandaoni. Yaani walimu wa vijijini wasiokuwa na umeme waliweza kuhesabu wasichana wao na kuionyesha hesabu hiyo kwa dunia. Shule ya kanisa ya mjini Juba, yenye ofisi na kompyuta, haina sababu ya kushindwa.

Baada ya rejesta, nenda chooni. Wazazi wengi huona aibu kuomba kuonyeshwa vyoo, na wakuu wengi wa shule huijua aibu hiyo. Mlango una komeo la ndani? Kuna maji, au kuna pipa tupu lenye kata? Pedi zilizotumika zinatupwa wapi? Sehemu kubwa ya Juba hununua maji kutoka kwenye maboza, na boza lisipokuja siku mbili shule yenye wasichana mia kadhaa hunuka. Msichana anayebaki nyumbani siku nne kila mwezi kwa sababu choo cha shule hakifai hupoteza wiki nyingi za masomo kwa mwaka, na hakuna mwalimu wa hisabati anayeweza kuzirudisha. Shule inaweza kuwa na maabara mpya iliyokatwa utepe na balozi, lakini tanki la maji na kufuli la choo ndivyo vitakavyokuambia kama aliyeijenga aliwahi kumfikiria msichana.

Kisha inua kichwa uangalie paa. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025, muhula ukiwa umeanza tu, ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai Juba. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliochunguza joto hilo walieleza kwamba wanawake na wasichana ndio walioumia zaidi, na kwamba mabadiliko ya tabianchi yamelizidisha. Darasa la mabati matupu bila dari, lenye wanafunzi 80, ni tanuri. Miti uwanjani, dari na madirisha yanayotazamana vimekuwa sehemu ya elimu.

Walimu ni habari ndefu na ya kusikitisha. Mishahara ya serikali huchelewa miezi, na thamani ya pauni ya Sudan Kusini ilivyoporomoka tangu 2015, hata ikilipwa haifiki mbali. Umoja wa Ulaya uliwahi kuwalipa walimu wa shule za msingi dola 40 kwa mwezi ili wasiache kazi, na dola hizo 40 zilizidi mshahara wenyewe. Shule za kanisa hupata nafuu kwa kuwa ada za wazazi huongezea mishahara, na hii ndiyo siri ya wazi ya ubora wao: mwalimu yupo darasani. Kwa shule ya wasichana, swali linalofuata ni wangapi kati ya hao ni wanawake, na wanafundisha nini. Shule yenye matroni mwanamke, mpishi mwanamke na mwalimu wa dini mwanamke, huku fizikia, hisabati na ofisi ya mkuu vyote vikiwa kwa wanaume, inawafundisha wasichana somo ambalo halimo kwenye ratiba. Kanisa hili hili la Episkopali lilimweka wakfu Elizabeth Awut Ngor kuwa askofu msaidizi Rumbek, Desemba 31, 2016, jambo ambalo makanisa mengi makubwa ya Kianglikana barani bado hayajathubutu. Lililoweza kumweka askofu mwanamke halitashindwa kutafuta mwalimu wa fizikia mwanamke.

Kuna jambo ambalo wazazi hupenda kulikwepa, nalo ni mimba. Tanzania ilifungua mlango Novemba 2021 kwa waraka ulioruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule za serikali. Kenya ilikwisha kuwa na mwongozo wa kuwarudisha tangu miaka ya 1990. Uganda ilipofungua shule Januari 2022 baada ya kuzifunga karibu miaka miwili kwa korona, baadhi ya viongozi wa dini walipinga hadharani kuwapokea wajawazito katika shule zao. Juba nayo ilifunga shule zake Machi 2020 na kuzifungua Mei 2021, na wasichana wengi hawakurudi. Kila mzazi anayekaa foleni ya shule ya kanisa anaamini jambo hilo halitamfika wa kwake. Anachopaswa kuuliza ni shule inafanya nini likimfika. Wapo wakuu wa shule wanaoficha jibu nyuma ya neno maadili, na wapo wanaokuambia kwa uwazi: anakwenda kujifungua, mtoto anabaki kwa bibi, yeye anarudi kumaliza. Kwa nchi ambayo nusu ya wasichana wake huolewa mapema, kundi la pili ndilo linaloendesha shule. La kwanza linaendesha chujio.

Na wasichana wenyewe wanasema nini? Aprili 2025 Kenya nzima iliwatazama wanafunzi wa Butere Girls, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao, Echoes of War. Mwandishi wa mchezo alikuwa amekamatwa. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za mchezo ule, ila wasichana wale walikuwa wamefundishwa kufikiri wakiwa pamoja na kutenda kwa heshima mbele ya polisi wenye mabomu ya machozi. Mzazi anayezuru shule Juba aombe dakika kumi na wanafunzi wa kidato cha tatu, bila mwalimu kusimama nyuma yao. Waulize wangebadilisha nini. Wakitazamana na kucheka kisha wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, hali ni njema. Wakijibu wote kwa pamoja kwamba kila kitu ni kizuri, wamefundwa jibu hilo asubuhi.

Kinachobaki ni fedha, na hapa mwandishi atakuwa mfupi. Ada ya kanisa iandikwe yote kwenye karatasi moja: sare, chakula, maabara, mtihani, mchango wa ujenzi. Malipo yoyote yasiyo na stakabadhi yenye muhuri wa dayosisi si ada.

Hayo yote hayamwondolei mzazi foleni. Anaweza kukuta kwamba shule isiyo na jina kubwa, mtaani Gudele au Gumbo, ina rejesta safi, choo chenye komeo na mwalimu wa kemia anayeitwa Madam, na kwamba nafasi zipo. Anaweza pia kukuta kwamba shule ya dayosisi aliyoilenga inastahili kila dakika ya kusubiri. Ila ataliona hilo kwa macho yake badala ya kulisikia kivulini baada ya ibada.

Kanisa nalo lina deni, na deni hili halihitaji mfadhili. Kabla ya muhula wa Februari ujao, ofisi ya elimu ya kila dayosisi yenye sekondari ibandike karatasi mbili kwenye ubao wa matangazo wa kila parokia. Ya kwanza ieleze vigezo vya kuingia kwa mpangilio wa uzito, ikiwemo barua ya mchungaji ina alama ngapi, na nafasi ngapi zimetengwa kwa yatima na kwa wasichana waliojifungua. Ya pili iwe na safu mbili za tarakimu: wasichana walioingia kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, na waliofika kwenye chumba cha mtihani. Zibandikwe Jumamosi jioni, ili Jumapili watu wakitoka ibadani wazisome.